Maombi ya alfajiri saa 11 huku Ilala, nimeenda zaidi ya mwaka sasa

Watu wameniuliza sana kuhusu haya maombi ninayoenda, wengine wananiuliza pembeni kwa sauti ya chini maana na wao wamebanwa, nikaona bora niandike mara moja kila mtu asome. Ni usharika wa KKKT, kanisa la Kilutheri, huku Ilala, Dar es Salaam. Jina silitaji kwa sababu mwinjilisti mwenyewe ameniomba, anaogopa watu wataanza kuja kutafuta miujiza badala ya kumtafuta Mungu, ila wa huku mkiulizia kidogo tu mtaelekezwa. Jumatatu mpaka Ijumaa, saa 11 kamili alfajiri hadi saa 12 na robo, unawahi kazini bila shida. Kiingilio hakuna, kujiandikisha hakuna, na kapu la sadaka limewekwa pale mlangoni halizungushwi kwenye mabenchi. Hilo la kapu kwangu mi ndo lilinifanya nirudi siku ya pili.

Nieleze nilikuwa nani nilivyofika pale ili mnielewe.

Nilikuwa na kibanda cha mitumba soko la Karume. Mnaokumbuka ule moto wa usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 16 Januari 2022 hamna haja ya maelezo mengi. Alhamisi yake nilikuwa nimefungua mabelo mawili ya jinzi, sijauza hata robo, nimefika pale asubuhi nakuta mabati yamejikunja na moshi bado unatoka chini, watu wazima wanaume wamekaa chini wanalia. Nikakopa ili nianze upya, na sikuona vibaya kwa sababu kila mtu alikuwa anakopa. Kikundi cha kwanza, afu cha pili ili nilipe cha kwanza, afu nikaingia kwa kausha damu wale wa marejesho ya kila siku, jioni wanakuja mlangoni na daftari na usipokuwa nayo wanabeba kitu, wakabeba tivii, wakaja wakabeba na friji, afu nikaangukia mikopo ya kwenye simu, hiyo ndo ilinimaliza kabisa maana ukichelewa siku mbili wanawatumia meseji watu wote uliowasevu kwamba wewe ni tapeli, ilimfikia mpaka mwalimu wa mwanangu. Mpaka Septemba 2024 jumla ilikuwa milioni 3 na laki 4 na mimi kwa siku naingiza elfu 6, siku nzuri elfu 8.

Kulia kulishaisha kitambo. Nilichobaki nacho ni mwili kufa ganzi simu ikiita, na kuzima taa nikisikia hatua za mtu nje, mtoto ananiuliza mama mbona tunakaa giza na umeme upo. Nilikuwa siombi tena. Nikipiga magoti maneno hayatoki nanyamaza tu naamka.

Na kabla ya hapa nilishaenda sehemu nyingine kuombewa. Kule niliambiwa nitoe sadaka ya kujimaliza, nikatoa elfu 40 ambayo ndo ilikuwa unga na mboga ya wiki mbili, nikanunua na mafuta ya upako kichupa elfu 10, kumwona mtumishi ana kwa ana kuna malipo yake mengine. Niliporudi mara ya tatu hali ni ileile nikaambiwa imani yangu ndogo na kuna dhambi nimeificha. Nikatembea kurudi nyumbani naamini kwamba hata Mungu ananidai. Siandiki hivi kumchafua mtu. Naandika kwa sababu najua kuna anayesoma hapa ana kichupa kama kile kabatini na marejesho ya kesho hana, na nataka ajue kwamba hajaachwa na Mungu kwa sababu ya kukosa elfu 40.

Basi jirani yangu akanigongea saa 10 usiku akasema leo unaenda na mimi. Nauli hatukuwa nayo tukatembea kutoka Buguruni. Nikakaa benchi la mwisho karibu na mlango ili wakianza mambo ya sadaka nitoke. Wakaimba pambio mbili, wakasoma Zaburi ya 13, ile ya Daudi anayeanza na Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele? Afu mwinjilisti akasema tunyamaze dakika 5, mwenye kulia alie, mwenye hasira na Mungu amwambie Mungu mwenyewe. Yani mi nilikuwa sijawahi kusikia mtu wa madhabahuni anasema hivyo. Nikaongea. Sitaandika nilichosema ila niliongea.

Tulipomaliza kapu lilikuwa palepale mlangoni, hakuna aliyelisimamia. Mwinjilisti ni mama wa makamo, nikampa shikamoo akaitika marahaba binti yangu, umekula? Mi nilijiandaa kuulizwa kama nimeokoka. Akanipeleka jikoni kwa akina mama wa diakonia, wale wanaohudumia wenye shida, nikapewa chai ya rangi na viazi vitamu, na nikiwa natafuna akanisomea 1 Wafalme 19, Eliya amekaa chini ya mti wa mretemu anaomba afe, malaika akamgusa akamwambia ainuke ale, kuna mkate umeokwa juu ya makaa na gudulia la maji, akala akalala tena, na malaika akarudi mara ya pili akamlisha tena ndo safari ikaendelea. Akaniambia angalia binti yangu, hapo hamna mahali malaika amemwuliza kwa nini amekata tamaa. Akafunga Biblia akaniongeza chai.

Siku ya tatu ndo akaniambia nije na daftari. Nilidhani la kuandika mahubiri, kumbe niandike madeni. Yote, jina la ninayemdai... samahani, anayenidai, kiasi, tarehe. Nilikuwa sijawahi kuyaandika pamoja nilikuwa nayakwepa, mkono ulitetemeka kwa kweli. Mistari 11. Afu akina mama watatu wakashika lile daftari wakaanza kuomba mstari kwa mstari, Bwana hii ni laki 3 na elfu 80 ya kikundi, unaijua, hii ni laki na 20 ya duka la Mangi, unaijua na aibu yake unaijua. Hawakuomba madeni yafutike. Waliomba nipate usingizi, niwe mkweli kwa ninaowakwepa, na nipate cha kuanzia. Ile jioni nikaenda mwenyewe kwa Mangi nikamwambia ukweli, miezi miwili nilikuwa nazunguka njia ya nyuma nisipite dukani kwake. Akakubali elfu 5 kila Jumamosi.

Sasa nije kwenye Habakuki maana hapa ndo sitasahau mpaka nazikwa. Ilikuwa kama wiki ya pili, msomaji alikuwa kijana tu wa kwaya anasoma sura ya 3 mstari wa 17, mtini hautachanua maua, mashamba hayatatoa chakula, akafika pale, "wala vibandani hamtakuwa na ng'ombe". Vibandani! Nilisoma shule ya Jumapili nikiwa mdogo, sijawahi kusikia hilo neno limo. Niliona kibanda changu, niliona yale mabati. Na mstari unaofuata unaanza na walakini, "Walakini nitamfurahia BWANA", na bado kibanda hakijarudi, ng'ombe hawajarudi, huyu mtu anaimba kwenye majivu. Sikuruka siku hiyo wala sikupiga kelele, nilishika tu benchi la mbele yangu kwa mikono miwili mpaka jirani yangu akaniuliza kama niko sawa. Nilikuwa sawa. Ilikuwa mara ya kwanza toka 2022.

Baadaye tukasoma ile ya mjane kwenye 2 Wafalme 4 ambaye anayemdai anataka kuchukua watoto wake wawili wawe watumwa, Elisha akamwuliza una kitu gani nyumbani. Mwinjilisti akanigeukia, na wewe una nini? Nikasema sina. Akauliza tena. Nikakumbuka cherehani ya marehemu mama, Butterfly ya kukanyaga, imewekewa ndoo za maji juu yake miaka. Mkanda ulikuwa umekatika, mzee mmoja wa kanisa akanunua mkanda na mafuta, elfu 9. Nikaanza kupunguza suruali za mitumba za watu wanaonunua Karume, kukunja upindo, kuweka zipu, elfu 1 elfu 2. Mambo yalianzia hapo na ndo yanaendelea mpaka leo.

Huyohuyo mzee Novemba 2024, Benki Kuu ilipotoa ile orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 za mikopo zisizo na leseni, alikuja nayo imechapwa kwenye karatasi baada ya ibada tukakaa watu 7 tunalinganisha na simu zetu. Mbili za kwangu zilikuwemo. Aliniambia nisifute meseji za vitisho nizitunze, na nisikope popote tena kulipa zile. Nawaambia hili kwa sababu watu wanadhani maombi ni kufumba macho tu. Pale wanafumba macho, afu wanafumbua wanasoma karatasi na wewe.

Deni sasa hivi limebaki laki 7. Hakuna bahasha iliyoshuka, limepungua elfu tano tano, na kuna miezi halikupungua kabisa.

Yasiyonifurahisha yapo. Spika ziko juu mno kwa saa ile, majirani wana watoto wachanga na nimeshasema. Jumatano ni siku ya shuhuda na karibu kila anayesimama ni aliyeshapata, kazi, kiwanja, ada, sasa yule aliyekuja na njaa anabaki anajihesabu kama Mungu amemruka, naomba sana wawape nafasi na wanaosema bado nasubiri. Wanaume ni wachache mno, labda 6 kwenye watu 60, na madeni wanayo, natamani kina baba waje wajue hamna atakayewauliza wamefeli wapi. Na kwa wanawake tunaotoka mbali ile saa 10 njia ni giza, msije peke yenu, tafuteni mwenzenu.

Kwa ambaye hawezi kufika, hii ni sala niliyoiandika nyuma ya lile daftari, naiomba mpaka leo, ichukue kama ilivyo:

Baba, nimeamka na deni na nitalala nalo. Wewe unalijua kwa jina na kwa kiasi. Nipe chakula cha leo, na nguvu ya kupokea simu bila kudanganya. Mlinde mwanangu asiione aibu yangu kama yake. Wakumbuke na wanaonidai maana na wao wana watoto. Nionyeshe kilichobaki ndani ya nyumba hii ambacho nimekiwekea ndoo juu. Na kama kesho kibandani hamna kitu, kaa na mimi hapohapo. Kwa jina la Yesu Kristo, amina.

Kama unakuja, geti dogo la upande wa kushoto linafunguliwa saa 11 kasorobo, mlinzi ni mzee mpole mwambie tu umekuja maombi. Njoo na kitenge cha kujifunika, feni ziko moja kwa moja juu ya mabenchi ya nyuma. Usitoke mbio ikiisha, zunguka nyuma kulia ndo jikoni, chai ipo mpaka saa 1. Daftari usipokuwa nalo nitakupa, nanunuaga mawili mawili siku hizi, nakaaga benchi la mwisho karibu na mlango.