Duka Lisilo na Mizani: Vifaa vya Uchawi vya SRD 5.1 kwenye Meza ya Lamu

Anayetaka kuendesha Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi kwa dadu, huku Lamu bila kusubiri kitabu kiagizwe ng'ambo ana mlango ulio wazi: SRD 5.1, hati ya kanuni inayotolewa bure na Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo huo, ambayo tangu Januari 2023 iko chini ya leseni ya Creative Commons. Ni PDF ya kurasa 403 isiyo na picha. Zaidi ya kurasa 40 ni za vifaa vya uchawi, kuanzia dawa ya kuponya hadi chupa ya afriti, na hizo ndizo tunazozipima hapa. Ni duka lililosheheni, tena bidhaa zake nyingi ni za hali ya juu, ila halina mizani wala bei. Msimamizi wa mchezo, yaani anayeongoza hadithi, akija na mizani yake atapata vitu vya kutumia miaka. Akija mikono mitupu, atagawa kitu kimoja kibaya na mchezo mzima utalegea.

Leseni peke yake ni sababu tosha ya kuipakua. Unaruhusiwa kutafsiri, kuchapisha, hata kuuza ulichochapisha, mradi uweke maneno ya kutaja chanzo kama yalivyoandikwa kwenye hati, na ruhusa hiyo haiondolewi. Tafsiri rasmi ya Kiswahili haipo, lakini kazi hiyo pwani ni nyepesi kuliko kwingine, maana maneno yapo tangu zamani. Afriti ni afriti, joho ni joho, lulu ni lulu. Panapohitaji makubaliano ni madaraja ya uadimu. Humu tumetumia ya kawaida, haba, adimu, adimu sana na ya ngano.

Kanuni iliyotungwa vizuri kuliko zote ni ya kufungamana. Vifaa vyenye nguvu zaidi havifanyi kazi mpaka mwenyewe akae navyo katika pumziko fupi, yaani saa moja, na mtu hawezi kufungamana na zaidi ya vifaa vitatu. Fungamano hukatika kifaa kikiwa mbali na mwenyewe kupita futi 100 (kama mita 30) kwa saa 24, au mtu mwingine akifungamana nacho, au mwenyewe akifa. Ndiyo inayozuia mchezaji mmoja kuvaa pete kumi. Hitilafu huja kwenye vifaa vyenye laana: uganga wa kutambua kifaa mara nyingi haufichui laana, na aliyefungamana nacho hawezi kukiacha kwa hiari mpaka laana ivunjwe. Uganga huo unataka lulu ya thamani ya sarafu za dhahabu 100. Wachezaji wengi hununua lulu mpya kila mara, kumbe haiishi. Moja inatosha kundi zima hadi mwisho wa mchezo.

Vifimbo navyo vimepimwa kwa akili. Kifimbo cha mipira ya moto kina chaji 7, yaani akiba ya nguvu inayopungua kila kinapotumika, na kila alfajiri hurudisha chaji kwa dadu ya pande sita ukiongeza moja, yaani wastani wa 4.5. Anayetumia zote saba leo hana uhakika wa saba kesho. Akimaliza ya mwisho, anarusha dadu ya pande 20, na ikija 1 kifimbo kinakuwa majivu. Meza nyingi husahau hatua hii, na hapo kifimbo kinakuwa chemchemi isiyokauka.

Tukija kwenye vitu vyenyewe, kinachostahili kutazamwa kwa makini zaidi mjini petu ni birika la maji yasiyokwisha. Daraja lake ni haba, halihitaji kufungamana, na hutoa maji baridi au ya chumvi kwa chaguo la mwenyewe. Kuna viwango vitatu: galoni 1, galoni 5 na galoni 30. Galoni 5 ni karibu lita 19, basi ni takriban mtungi mmoja wa lita 20 kila raundi, na raundi ni sekunde sita. Kiwango cha juu ni lita 113 kwa raundi, zaidi ya lita elfu moja kwa dakika, iwapo mtu atarudia neno la kukiamuru kifaa kila raundi. Mji ambao maji yake hutegemea mchanga wa Shela, vilima vya jirani vinavyohifadhi maji ya chini, unaelewa mara moja maana ya hesabu hiyo. Hati imekipanga kifaa hiki kwa nguvu zake za vita, nazo ni kumwangusha adui mmoja, ikasahau thamani yake sokoni. Ukikitoa katika hadithi inayotokea kwenye kisiwa, jiandae: mwenye birika ndiye tajiri wa mji, na kila kabaila atalitafuta. Hiyo inaweza kuwa hadithi nzuri sana, lakini iwe umeikusudia.

Mashua ya kukunja ndiyo johari ya hati nzima. Ni kisanduku cha inchi 12 kwa 6 kwa 6, chenye uzito wa kilo 1.8 hivi. Neno la kwanza hukifungua kikawa chombo cha mita 3 kwa 1.2, chenye makasia mawili, nanga, mlingoti na tanga la pembetatu, kinachobeba watu wanne. La pili hutoa chombo cha mita 7.3 kwa 2.4 cha kubeba watu kumi na watano, chenye sitaha na kijumba juu yake, lakini tanga lake ni la mraba. Hapo libadilishe. Mchezaji wa Lamu anajua tanga linavyopandishwa na foromali, na chombo kikubwa chenye tanga la pembetatu hakivunji kanuni yoyote. Neno la tatu hukunja, na hapa ndipo wachezaji huumia: chombo hakikunjiki kama kuna kiumbe ndani, na mzigo usioingia kisanduku hubaki nje. Ukikunja ukiwa gatini, magunia yanabaki gatini. Ukikunja ukiwa majini, yanazama. Msimamizi aulize mapema ni nani anayejua maneno yote matatu, kwa sababu akitekwa yeye, wenzake wameshika sanduku tu.

Mfuko wa kuhifadhia kila meza huutaka. Unabeba ratili 500, kama frasila 14, visizidi futi 64 za ujazo, na wenyewe una uzito wa ratili 15 daima. Maelezo ya ukubwa yana kasoro: yanasema upana wa mdomo ni futi 2 na kina futi 4, na umbo hilo halifiki hata futi 13 za ujazo. Amueni mapema. Njia iliyo rahisi ni kushika ujazo wa 64 na kuuchukua upana wa futi 2 kuwa kipimo cha kinachoweza kupita mdomoni. Kutoa kitu hugharimu tendo zima la raundi, kwa hiyo dawa ya kuponya isiwekwe humo. Kiumbe apumuaye ana dakika 10. Wakiwa wawili, tano kila mmoja. Mfuko ukitoboka, kila kilichomo kinatawanyika katika ulimwengu mwingine, na ukitiwa ndani ya kifaa kingine cha aina hiyo, vyote viwili vinaangamia na kunyonya walio karibu, futi 10.

Halafu kuna baragumu la mlipuko, daraja adimu. Ukisikia maelezo yake huwezi kuacha kuliwazia siwa, ile pembe ya heshima ya kupulizwa. Siwa ya Lamu ni ya shaba, ile ya Pate ni ya pembe ya ndovu, na zote mbili zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu. Meza yoyote hapa itakubali kwamba pembe ya namna hiyo ina nguvu. Mpulizo mmoja hupiga eneo la futi 30 kwa madadu matano ya pande sita, ambayo jumla yake ndiyo madhara, na kumtia uziwi wa dakika moja anayeshindwa kujikinga. Vitu vya kioo huumia maradufu. Hatari ni kwamba kila mpulizo una asilimia 20 ya kulipua baragumu lenyewe, madadu kumi ya moto kwa mpulizaji. Wengi husoma 20 wakaona ni ndogo. Baada ya mipulizo mitatu, uwezekano wa baragumu kuwa bado zima ni asilimia 51 tu. Baada ya mitano ni 33. Ukiliita siwa katika mchezo wako, fikiri kama unataka kitu chenye heshima hiyo kipasuke mkononi mwa mhusika. Pengine ni bora lipate chaji tatu kwa siku, na mlipuko uondolewe.

Chupa ya afriti haihitaji marekebisho. Unarusha dadu ya mia: 1 hadi 10 anatoka na kushambulia, 11 hadi 90 anatumika kwa saa moja, 91 hadi 100 anatimiza matakwa matatu. Akitumika, mara mbili zinazofuata atatumika vilevile, na ya nne anatoroka. Imekamilika.

Udhaifu mkubwa wa hati ni daraja la uadimu lenyewe. Ufagio wa kurukia ni haba, hautaki kufungamana, huruka futi 50 kwa raundi na kubeba hadi ratili 400, mwendo ukishuka hadi futi 30 mzigo ukizidi 200. Hauna kikomo cha muda. Dawa ya kuruka ni adimu sana, nayo huisha baada ya saa moja. Ukifuata bei za kitabu cha msimamizi cha mwaka 2014, kitu haba ni dhahabu 101 hadi 500 na adimu sana ni 5,001 hadi 50,000, kwa hiyo chupa moja ya dawa inanunua fagio kadhaa. SRD 5.1 yenyewe haikupi bei hizo kabisa. Zaidi ya dawa ya kuponya ya kawaida, dhahabu 50, kila kitu ni juu yako. Soma kila kifaa kwa swali moja: kinaweza kurudiwa mara ngapi bila gharama? Jibu likiwa ni bila kikomo, pandisha daraja moja au dai fungamano.

Tena hakuna majedwali ya hazina. Vifaa vimo, lakini hati haisemi vinapatikana wapi wala pamoja na sarafu ngapi. Kitabu cha 2014 kilihesabu hazina kubwa 7 kwa wahusika wa ngazi ya chini, kisha 18, 12 na 8 katika ngazi zinazofuata, na mgawo huo bado unafaa. Hazina ya ngazi ya chini humo ni wastani wa shaba 2,100, fedha 1,050 na dhahabu 70, jumla thamani ya dhahabu 196. Sasa zipimeni: sarafu 50 ni ratili moja, basi hizo 3,220 ni ratili 64, karibu frasila mbili, na sehemu kubwa ya uzito huo ni shaba isiyo na maana. Sarafu ya mchezo ina gramu 9, nzito mno kwa macho ya pwani. Hazina ya kweli iliyofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 ilikuwa na sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo ndogo. Punguza shaba, weka vitu. Pale Gede, kusini mwa Malindi, nyumba za magofu zimeitwa kwa vilivyokutwa ndani: Nyumba ya Mkasi, ya Taa ya Chuma, ya Bakuli la Kaure. Bakuli la thamani ya dhahabu 25 ambalo lazima libebwe bila kuvunjika linaleta uamuzi mezani. Shaba 2,500 zinaleta hesabu tu.

Kuhusu kuchapisha: kadi za milimita 63 kwa 88 huingia tisa kwenye A4. Tumia karatasi nene na uzipige lamini zote, kwa sababu hewa ya chumvi hulegeza karatasi na wino wa printa ya kunyunyiza hutapakaa kwa jasho la mikono. Dadu ya pande 20 ikikosekana, vibao 20 vyenye namba ndani ya kikapu vinatosha, mradi kila kibao kirudishwe kabla ya kuchota tena. Chaji ziandikwe juu ya lamini kwa kalamu ya kufutika. Kifaa chenye laana kipewe kadi mbili zenye mgongo uleule: moja ya kumkabidhi mchezaji, nyingine ibaki kwa msimamizi mpaka fungamano limekamilika.