Paswadi ya kisanduku changu

Nilipoanza kuandika haya nilitaka kuwaambia msinunue hii ruta, kisanduku cha kugawa neti. Nilikuwa na hasira na hiki kisanduku hadi nikakitoa rafuni nikakiweka sakafuni chini ya meza, kama kwamba chenyewe kimenikosea adabu. Sasa nimetulia kidogo, na nimeona niliyekuwa nikimlaumu siye. Lakini hasira haijaisha, imehama tu, kwa hiyo nivumilieni.

Mimi na dada yangu tuna saiba ndogo Mji wa Kale wa Mombasa, upande wa Kibokoni. Mashine sita za wateja, printa moja, na laptopu yangu. Watu wanakuja kwa mambo ya eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, kuskani vitambulisho, barua za shule, ritani za kodi. Laptopu yangu ina kopi za vitambulisho vya nusu ya mtaa, na hilo ndilo lililonifanya nitafute faiwoli ya kweli, ukuta wa kuzuia wasiotakiwa kwenye mtandao, badala ya kutegemea modemu wanayokuletea watu wa faiba. Sheria ya Ulinzi wa Data tunayo tangu 2019, na hata isingekuwapo, kitambulisho cha mtu ni amana. Nilitaka jambo moja tu: mashine za wateja zikae upande wao, laptopu yangu ikae upande wake, na kusiwe na njia baina yao.

Duka nililonunulia silitaji. Nilieleza ninachotaka, nikauziwa ruta ndogo ya kukaa kiganjani, yenye OpenWrt ndani, programu huria ya kuendeshea ruta, na juu ya bei nikalipa elfu mbili za kusetiwa. Fundi akaja kaskazi ikivuma, akakaa kama saa moja, tukampa chai na mahamri, akasema, "Tayari, wateja wako mbali na wewe sasa," akaondoka. Neti ikawa inakwenda vizuri. Nikamsifu kwa watu, tena wengi.

Yaliyonipata yalinipata kusi imeshaingia, mwisho wa Juni. Asiyefanya kazi ya saiba hapa Kenya hajui mwisho wa Juni ni nini. Tarehe 30 ndiyo mwisho wa kujaza ritani, na watu wetu wanangoja mpaka siku zibaki mbili au tatu, ndipo foleni inatoka mlangoni inafika barazani kwa jirani. Wiki hiyohiyo modemu yangu ikaungua, stima ilipotea ikarudi kwa nguvu. Watu wa faiba, nawashukuru, walikuja upesi wakachomeka mpya, wakapima, neti ipo, wakaenda zao. Kugeuka ndani, mashine zote sita hazifungui hata ukurasa mmoja. Waya zimeshika, waifai imeshika, taa zote zinawaka. Hakuna kitu.

Nikampigia fundi.

"Fundi, mashine zangu zote hazina neti, na nina watu mpaka barazani."

"Hicho kisanduku kinataka kusetiwa upya. Nitakuja kesho. Elfu tatu."

"Mwanangu, kesho kazi itakuwa imeshanipita. Nipe paswadi, wewe nielekeze kwa simu, nitafanya mwenyewe."

Akacheka. Nilimsikia vizuri, na dada yangu alimsikia kwa sababu simu ilikuwa spika. "Bi mkubwa, paswadi hatuwapi wateja. Utaharibu. Wewe chapa barua zako, mitambo tuachie wenyewe."

Paswadi ya kitu changu. Risiti ninayo, ina jina langu. Nimechapa barua kwa miaka mingi, ndiyo, na kwa kuchapa huko nimefunga mashine hizi sita kwa mkono wangu, nimevuta waya kupita kuta za matumbawe ambazo wala misumari haitaki kuingia, nimefungua printa ile mara nyingi kuliko alivyofungua yeye kinywa chake. Nilikata simu kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka.

Na kinachoniuma zaidi, programu yenyewe ilitoka wapi? Mwaka 2003 iligundulika kwamba ruta ya Linksys, ile WRT54G, ilikuwa na Linux ndani, mfumo huria wa kompyuta, na leseni ya Linux inasema ukiigawa lazima utoe na kodi yake, yaani maandishi ya programu yenyewe. Watu wakadai mpaka kodi ikatolewa, na mwaka uliofuata, 2004, OpenWrt ikaanza kutokana nayo. Yaani hiki kitu kimezaliwa kwa sababu watu walikataa kufungiwa ndani ya ruta waliyoinunua wenyewe. Halafu aje mtu Mombasa akichukue bure, akiweke dukani, akipige kufuli, anicheke.

Mchana ule nilichomeka mashine moja tu, moja kwa moja kwenye modemu, tukahudumia watu kwa hiyo moja hadi magharibi. Wengine waliondoka. Siwalaumu.

Usiku, baada ya kufunga, nikaviteremsha vyote viwili nikavipindua juu ya meza. Chini ya modemu mpya kuna karatasi: anwani yake ya mtandao, 192.168.1.1. Chini ya kisanduku kuna karatasi: anwani 192.168.1.1. Nikaziangalia karatasi mbili zile muda mrefu. Modemu ya zamani ilikuwa na anwani tofauti, ndiyo maana hazikugombana. Sasa kisanduku kinaulizwa njia ya kwenda nje, nacho kinaona nje na ndani ni mtaa mmoja, hakijui kipeleke wapi. Tatizo zima lilikuwa hilo. Kubadilisha nambari moja. Kwa haki ya Mungu, fundi hakuweza kujua kwamba modemu itabadilishwa, na hapo simlaumu. Lakini angenipa paswadi mchana ule, dakika tano zingetosha.

Maelezo ya kuingia bila paswadi nimeyasoma kwenye simu, kwa bando, kwa Kiingereza chote, huku dada yangu akinishikia tochi. OpenWrt ina hali ya dharura. Unachomoa waya zote, unabakiza mmoja wa kwenda kwenye laptopu. Laptopu unaipa anwani mwenyewe, 192.168.1.2. Unawasha kisanduku, unakodolea taa. Ikianza kumetameta, hapo hapo unabonyeza kitufe. Kitufe chenyewe kiko ndani ya kitundu, kidole hakiingii, nikachomoa pini ya mtandio. Mara ya kwanza nilichelewa. Mara ya pili niliwahi mno. Mara ya tatu taa ikaanza kumeta kwa kasi, haraka haraka, na dada yangu akasema, "Imekubali." Ukiingia kwa ssh, yaani kwa kuandika amri kutoka laptopu, hapo hakikuulizi chochote. Nikaandika mount_root, nikaandika passwd, nikaweka paswadi yangu mara mbili, nikakizima nikakiwasha. Paswadi ya fundi haipo tena. Vitu vingine vyote viko kama vilivyokuwa. Nilikaa nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Hapo moyo wangu ulianza kubadilika juu ya hiki kisanduku. Nikaingia kwenye ukurasa wake wa setingi, LuCI wanauita, nikabadilisha anwani ya ndani ikawa 192.168.50.1. Ukurasa ukaanza kuhesabu sekunde 90. Mimi nilikuwa nimesahau kwamba laptopu bado ina ile anwani niliyoipa mwenyewe, kwa hiyo nikapotezana nacho, nikajua nimeshakiua. Hesabu ilipokwisha na mimi sijarudi, kikarudisha chenyewe setingi za zamani, kikanisubiri nijaribu tena. Jamani. Waliokitengeneza walikaa wakamfikiria mtu aliyekosea usiku, peke yake, na kesho ana kazi. Safari ya pili niliiachia laptopu ichukue anwani yenyewe, na kabla ya hesabu kwisha ukurasa ukafunguka. Nikarudisha waya wa modemu. Neti hiyo.

Kama mambo yangeishia hapo ningelala. Ila kwa kuwa nimeshaingia, nikataka kuona ule utengano nilioulipia. Nikatafuta kwenye faiwoli. Kuna kanda mbili, lan ya ndani na wan ya nje, zile zile kinazokuja nazo. Nikadhani sijui kusoma. Basi nikainuka, nikakaa mashine nambari tatu, ile ya pembeni wanayopenda watoto wa gemu, nikaandika anwani ya laptopu yangu. Folda ya skani ikafunguka. Vitambulisho, mbele na nyuma, majina ya watu ninaosalimiana nao kila siku msikitini na sokoni.

Tangu kaskazi. Mtoto yeyote angeweza kuyaona hayo. Na mimi nimekaa miezi yote hiyo nawaambia watu, msiwe na wasiwasi, kwetu pako salama, fundi amefanya kazi nzuri. Ningelijua mapema kama ningekuwa na paswadi. Sasa naelewa kwa nini mtu hataki mteja aingie ndani. Au huenda si makusudi, huenda ni uvivu, huenda alisahau, mimi sioni moyo wa mtu. Hapana. Saa moja nzima amekaa akinywa chai yangu, na kazi ni moja tu niliyomwambia. Hakusahau.

Ile kazi niliifanya mwenyewe siku iliyofuata alfajiri. Unaitoa poti moja, tundu la waya, kwenye kundi la ndani, unaipa anwani zake peke yake, unaiundia kanda, mimi nimeiita wateja, unairuhusu kwenda nje na unaikatalia kwenda kwenye lan. Waya wa mashine sita nikauhamishia kwenye poti hiyo. Mashine zikapata anwani lakini hazikufungua kitu, na hapa nilipoteza karibu nusu saa: ukiifungia kanda isizungumze na kisanduku chenyewe, lazima uiachie poti 53 ya kuuliza majina ya tovuti na 67 ya kuomba anwani, hizi ni poti za namba ndani ya programu, si matundu ya waya. Mimi nilikuwa nimeiachia 67 peke yake. Nikaongeza 53, zote sita zikafunguka pamoja. Nikarudi mashine nambari tatu, nikaandika anwani ya laptopu. Ikazunguka, ikazunguka, ikakataa.

Basi niseme mnunue? Ndiyo. Lakini si kila mtu. Ukiwa huna kifaa cha pili chenye neti wakati chako kimekatika, maelezo utayasomea wapi? Na Kiingereza chake ni kigumu, kimeandikwa na mafundi kwa mafundi. Waifai yake pia haipenyi kuta za nyumba zetu, chumba cha nyuma nimevuta waya. Hayo nayakubali. Ila kwa kunisubiri zile sekunde 90 tu, sikibadilishi na kingine. Mkinunua, nunueni kitupu, msilipe pesa ya kusetiwa, na kama mmelipa, fundi asitoke mlangoni kabla hajaandika paswadi mbele yenu na nyinyi mkaingia nayo kwa mikono yenu.

Fundi alikuja kama alivyosema, saa nne hivi, foleni imejaa. Hakusalimu. Akachomeka laptopu yake, akaandika paswadi yake. Akaandika tena. Akanitazama.

"Bi mkubwa, mmegusa?"

Nikamwambia nimegusa, neti ipo tangu usiku, elfu tatu hana, na elfu mbili za kaskazi anirudishie, maana ile kazi haikufanywa. Nikamwonyesha mashine nambari tatu. Akasema atazungumza na bosi wake. Mpaka leo naandika hapa hajapiga.

Paswadi mpya nimeiandika kwenye karatasi, na dada yangu anajua ilipo.