Pete ya silikoni kwa kizazi kilichoshuka: nzuri, mradi ipimwe vizuri

Kwa mwanamke ambaye kizazi au kibofu kimeshuka hadi anahisi uvimbe ukeni, hasa jioni baada ya kusimama kutwa, pesari ya pete, yaani kifaa cha silikoni kinachovaliwa ndani ya uke, inastahili kujaribiwa kabla ya upasuaji. Haiponyi misuli iliyolegea, inabeba tu kilichoshuka. Ukiitoa, uvimbe unarudi.

Kazi yote iko kwenye kipimo. Pete ikishakaa, ncha ya kidole ipite kati yake na ukuta wa uke. Kisha mama akohoe, achuchumae, atembee na akojoe kabla hajaondoka kliniki. Ikidondoka chooni, huenda ni ndogo. Ikibana, ikiuma au mkojo ukigoma kutoka, ni kubwa. Iliyokaa sawa haisikiki kabisa.

Kuivaa si kazi: ikunje katikati, paka kilainishi cha maji, isukume kuelekea mgongoni, iachie ifunguke. Huoshwa kwa sabuni isiyo na manukato. Asiyeweza kuitoa mwenyewe arudi kliniki kila baada ya miezi 3 hadi 6, maana pete iliyosahaulika huchimba kidonda.

Kasoro zipo. Ute huongezeka, na aliyekoma hedhi huchubuka kwa ukavu. Krimu ya estrojeni, homoni ya kike, husaidia. Damu au harufu kali si ya kuvumilia, nenda ukaonwe. Wengine huanza kuvuja mkojo wakikohoa, kwa sababu mrija wa mkojo uliokuwa umepinda sasa umenyooka. Tendo la ndoa linawezekana pete ikiwa ndani. Pesari aina ya Gellhorn, yenye kishina, lazima itolewe kabla ya tendo, ila hushika pale pete inaposhindwa.