Nissan Leaf ya 40 kWh kwa mnunuzi wa Nairobi: kazi ya fundi imehamia wapi

Fungua boneti ya Leaf ya kizazi cha pili, gari la umeme lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2017, na utadhani kuna injini. Kuna sanduku kubwa la alumini, mipira ya kulanti na waya nene za rangi ya machungwa. Lakini sanduku hilo la juu ndilo lenye chaja. Chini yake kuna inveta, inayogeuza umeme wa betri kuwa wa kuendeshea mota, na chini kabisa imekaa mota ya kilowati 110 yenye torki ya Nm 320, pamoja na giaboksi yake.

Ilinganishe na Nissan Note E12, ambayo imejaa barabara zetu. Injini yake ya HR12DE ina silinda 3, valvu 12, kamshafti mbili na cheni ya kuziendesha. Silinda huchongwa, kisha husuguliwa kwa mistari inayopishana ili ishike oili. Krankishafti hunolewa kwa vipimo vya maikroni. Bolti za silinda hedi hukazwa kwa mpangilio maalum, la sivyo gasketi huvuja. Pamoja nayo kuna CVT, giaboksi isiyo na gia za hatua, ambayo mkanda wake wa chuma hubanwa na puli kwa nguvu ya oili. Ukitia oili isiyo yake, mkanda huteleza, hukwaruza puli, na giaboksi nzima imekwisha. Hiyo ndiyo kazi inayolisha nusu ya Grogan, eneo la mafundi wa magari jijini Nairobi.

Mota ya Leaf ina rota moja, yaani sehemu inayozunguka, kwenye beringi mbili. Giaboksi haina klachi wala gia ya kurudi nyuma, maana mota yenyewe hugeuza mzunguko. Uwiano ni mmoja tu, takriban 8.19 kwa 1. Hakuna plagi wala filta ya oili, na oili ya giaboksi haifiki lita moja na nusu. Unapoimwaga, angalia kama ina vumbi la chuma, kwani hiyo ni dalili ya beringi au meno ya gia kulika. Wanaosuka mota za viwandani pale Industrial Area wataitambua shaba iliyopangwa ndani na vanishi inayoizuia kugusa chuma. Ila rota hii ina sumaku kali sana. Ukiichomoa bila kifaa cha kuishikilia, vidole viko hatarini.

Kwa hiyo kazi imepungua? Kwa fundi, ndiyo, sana. Kiwandani imehamia kwenye betri. Ndani ya kasha lile la takriban kilo 300 kuna seli 192 katika moduli 24, zikiwa jozi 96 zilizounganishwa kwa mfululizo. Karatasi nyembamba za chuma hupakwa kemikali, hukatwa, hupangwa na kufungwa katika vyumba vilivyokaushwa hewa, kwa sababu unyevu kidogo tu huharibu seli. Injini iliyochoka unaifanyia ovahoo, lakini seli iliyochoka haina ovahoo. Unabadilisha moduli, na moduli hiyo lazima ilingane na wenzake kwa volti na uwezo, la sivyo jozi dhaifu itazuia betri nzima.

Hapo ndipo pesa za mnunuzi zinapookolewa au kupotea. Chomeka kisomaji cha OBD kwenye soketi ya uchunguzi ya gari na ufungue programu ya LeafSpy kwenye simu. Soma SOH, yaani afya ya betri, na idadi ya chaji za haraka. Pau 12 kwenye dashibodi hazitoshi, kwani ya kwanza hupotea afya ikishashuka hadi karibu asilimia 85. Endesha gari hadi chaji ibaki karibu asilimia 20, kanyaga mafuta kwa nguvu (jina limebaki hilo hilo), kisha utazame volti za jozi zote 96. Moja ikizama mbali chini ya nyingine, punguza bei au achana na gari hilo. Halafu inama uangalie chini: kasha lililobondwa na matuta ya mitaani ni sababu tosha ya kukataa.

Betri hii haina mfumo wa kuipoza, na kwa baridi ya Nairobi hilo si tatizo kubwa. Safari ya Mombasa ni habari nyingine, kwani chaji za haraka zinazofuatana huipasha joto na gari hupunguza kasi ya kuchaji ili kuilinda. Faida isiyotajwa vya kutosha ni ya mwinuko. Kwenye mita 1,795, injini isiyo na tabo hukosa takriban sehemu moja ya sita ya hewa, na nguvu hushuka pamoja nayo. Mota haihitaji hewa hata chembe.

Usitegemee kilomita 400 kwa chaji moja za jaribio la Japani. Lile la Ulaya la WLTP linasema 270, na betri yenye afya ya asilimia 85 itakupa karibu 230. Kebo ya kuchajia ya Japani iliyoandikwa volti 100 usiichomeke kwenye soketi ya 240.

Gari likikataa kuwaka huku betri kubwa imejaa, anza na betri ndogo ya volti 12. Na kwa fundi: kabla ya kugusa waya za machungwa, zima gari, tenganisha hiyo ndogo, vaa glavu za volti 1,000, chomoa plagi ya usalama iliyo sakafuni, subiri dakika 10 kapasita zimwage umeme, kisha pima uhakikishe umeme umeisha.