Uzoefu wangu: Kitasa cha swichi kwenye Mercedes 240D ya dizeli

Gari letu ni Mercedes-Benz 240D ya 1982, lile umbo la W123 lililoanza kuuzwa 1976. Alilinunua marehemu baba, nami naliendesha hapa Tanga mwaka wa kumi na moja sasa. Injini yake ya dizeli haijanilaza njiani hata mara moja. Kilichochoka kwa umri ni kitasa cha swichi, na yaliyonipata nayaandika yote kwa sababu najua bado wapo wenye magari haya, na wengi wao wanautikisa ufunguo kila asubuhi kama nilivyokuwa nikifanya mimi.

Ndivyo ilivyoanza. Natia ufunguo, haukubali kuzunguka. Nauvuta nje kidogo, kama unene wa ukucha, nautikisa, unakubali. Mwezi ukapita, miezi mitatu ikapita, nikauzoea. Baba alikuwa ameufunga ufunguo wa gari pamoja na funguo za nyumba, za duka na za kufuli mbili za geti, nami nikauacha hivyo hivyo, shada zima linaning'inia kwenye swichi na kucheza kila gari likipita shimoni.

Fundi wa kwanza niliyempelekea alinipulizia mafuta ndani ya tundu. Siku mbili ufunguo ulikuwa laini, siku ya tatu ukawa mgumu kuliko mwanzo, maana mafuta hushika vumbi na vumbi hugeuka tope kati ya vile vibati vidogo vya kitasa. Kisha akaingiza mkono chini ya dashibodi eti aiangalie swichi kwa nyuma. Jioni nikafika nyumbani, nikazima, nikachomoa ufunguo, gari bado linanguruma. Nilishikwa na hofu kweli.

Hapa wenye magari ya petroli huenda wasinielewe. Dizeli ya zamani haina plagi za kutoa cheche, na ikishawaka haihitaji umeme ili iendelee kuwaka. Kwenye 240D, ukizima swichi, kinachoizima injini ni hewa: kitasa hufungua njia ya vakyumu, yaani nguvu ya kufyonza hewa, kwenye mpira mwembamba unaokwenda hadi kwenye pampu ya dizeli, pampu inakata mafuta, injini inanyamaza. Yule fundi alikuwa ameuchomoa mpira mmoja bila kujua. Jirani yangu, dereva wa lori mstaafu, akafungua boneti akanionyesha kiwenzo kidogo kilichoandikwa STOP. Ukikisukuma na kukishikilia, injini inazima. Miaka yote ile sikuwa nimekiona.

Siku ambayo ufunguo uligoma kabisa nilikuwa hospitali ya Bombo, nimempeleka mama kliniki. Saa nzima mama amekaa kiti cha nyuma, mlango wazi, mimi natikisa. Kijana mmoja akaja na koleo akataka kuushika ufunguo kwa nguvu, nikamkatalia. Namshukuru Mungu nilimkatalia, kwa sababu ufunguo ukikatikia ndani huku usukani umefungwa, kazi inayofuata ni kutoboa chuma kigumu.

Nikampigia mzee mmoja wa Ngamiani ambaye ametengeneza magari haya tangu yakiwa mapya. Alipofika nilimwamkia, akaitikia, akaniambia, "Mwanangu, kwanza toa hilo shada." Akaubakiza ufunguo peke yake. Akausukuma ndani hadi mwisho, akaushika kwa vidole viwili tu, bila kulazimisha, huku mkono wa pili ukiugonga gonga kichwani kwa mpini wa bisibisi, tik tik tik, kama anayepasua yai. Kila baada ya muda alinitaka niusukume usukani kidogo, kushoto na kulia, ili loki yake isibane. Labda dakika ishirini. Kisha ufunguo ukazunguka. Hakuurudisha nyuma. "Huu hatuuzimi mpaka kwangu," alisema, na tukaenda hivyo hivyo, mama tukamshusha nyumbani njiani.

Kwake ndipo nilipoelewa haraka yake. Kitasa hiki hutoka kwa amani pale tu ufunguo unapokuwa umezunguka hadi hatua ya kwanza. Alichukua spoki ya baiskeli, akaikunja kama herufi U, akazichonga ncha zote mbili kwa tupa ziwe mshazari, akaziingiza kwenye vitundu viwili vidogo vilivyo kando ya tundu la ufunguo. Akalifungua lile pete jeusi kama kifuniko cha chupa, akavuta, kitasa chote kikamjia mkononi. Dakika tano. Kikigomea kwenye sifuri, ufunguo haujazunguka kabisa, hakuna spoki itakayokusaidia.

Kununua kitasa kipya ndiko kulikonichosha zaidi. Nilianza na cha bei rahisi: ndugu yangu alinichukulia Gerezani, Dar es Salaam, kwa 60,000, kikaja kwa basi na funguo zake mbili. Kwa macho kilikuwa sawa. Kilipoingizwa, ufunguo ulinasa kila ulipofika kwenye hita, ile hatua ya kuipasha injini moto kabla ya kuwasha, na muuzaji akakataa kukirudisha. Isitoshe, ningebaki na ufunguo mmoja wa swichi na mwingine wa milango.

Cha pili niliagiza kwa namba ya chesisi. Wauzaji walitaka kadi ya gari na kitambulisho changu, na hilo lilinipa imani. Kiligharimu 380,000 na kikafika baada ya siku kumi na moja. Kilichongwa kufuata gari lenyewe, kwa hiyo ufunguo mmoja unafungua milango, buti na kuwasha. Mara ya kwanza kuuzungusha nilisimama nikautazama: taa ya hita ikawaka, ikazima, stata ikashika, injini ikaitikia, bila kutikisa chochote. Mzee pia aliurudisha mpira wa vakyumu mahali pake, na sasa nikizima, gari linazima.

Huu ni mwezi wa nane tangu kifungwe. Kitasa nakipa alama zote, na bei nayo naiona halali, kwa kuwa nilishatupa 60,000 na siku kadhaa kwenye kile cha kwanza. Kimoja tu kilinisikitisha: ufunguo wa ziada nilitakiwa kuulipia mbali. Msiuchongeshe kutoka kwenye ufunguo uliokwisha. Mchonga funguo hunakili na ulaji wake. Ukianza kuwa mgumu, tia unga wa grafaiti (ule mweusi wa ndani ya penseli), acha mafuta, na agiza kitasa wiki hiyo hiyo ungali unazunguka. Na kabla ya hayo yote, fungua boneti leo ukitafute kile kiwenzo cha STOP, ukijaribu injini ikiwa inawaka, na umwonyeshe kila mtu wa nyumbani anayeliendesha gari hilo.