Giant TCR au Defy kwa barabara za Tanga? Nimezipanda zote mbili

Kwa anayetaka jibu kabla ya maelezo: nimechukua Defy. Ungekuwa na miaka ishirini na tano na mgongo usiolalamika, ningekwambia uifikirie TCR kwanza. Zote mbili ni baiskeli za resi za kampuni ya Giant, TCR ya mashindano na Defy ya starehe, mtumba wa Japani, fremu za alumini, foku za kaboni, breki za kubana ringi, saizi S. Zilining'inizwa ukuta mmoja katika duka la Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba, na bei zilipishana elfu hamsini tu. Kwa hiyo pesa haikuamua chochote hapa.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, miaka arobaini na ushee, kimo sentimita 160. Baiskeli nimekua nayo, na nani Tanga hakukua nayo? Mji wenyewe tambarare, muuza samaki ana baiskeli, mama wa Mgandini ana baiskeli, fundi seremala anabeba mbao kwa baiskeli. Ila Phoenix ya karia ni habari moja na baiskeli ya resi ni habari nyingine. Jumapili huwa tunatoka wachache, walimu na watu wa bandarini, kuelekea Muheza au Pangani, na mwendo wa namna hiyo kwa Phoenix nilishauchoka.

Nimeona watu wakiingia dukani. Cha kwanza wanaminya siti. Ikibonyea, "hii ya starehe". Ikiwa ngumu, "hii ya mashindano". Siti haina maana yoyote katika uamuzi huu. Siti unafungua boliti, unaweka nyingine, na kwa kweli ile laini sana ndiyo inayoumiza ukishapita saa moja, kwa sababu unazama na nyama laini ndizo zinazobeba uzito badala ya mifupa ya makalio.

Tofauti ya hizi mbili imo ndani ya fremu. Angalia bomba fupi la mbele, lile foku inapopita. Niliziegemeza ubavu kwa ubavu nikaweka rula: la Defy ni refu kwa karibu sentimita 2, na usukani wake uko juu zaidi na karibu zaidi na mwili. Sentimita 2 zinasikika kama mzaha. Zipande kutoka Kange mpaka Pongwe halafu tuongee. Kwenye TCR mgongo unalala, shingo inakunjwa ili uone mbele, viganja vinabeba sehemu ya uzito iliyotakiwa kubebwa na makalio. Jirani yangu aliponiona napita nayo alipiga kelele barazani: "Mwalimu, umedondosha sarafu?"

TCR ina historia yake, na ni haki kuitaja. Aliyeichora ni Mike Burrows, Mwingereza yuleyule aliyebuni baiskeli ya Lotus ambayo Chris Boardman alishindia dhahabu Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Giant, kampuni ya Taiwan, ikamchukua, na miaka ya tisini akawaletea fremu ambayo bomba la juu limeteremka kuelekea kwenye siti, badala ya kunyooka sambamba na ardhi kama fremu zote za zamani. Fremu ikawa ndogo, nyepesi, ngumu. Siku hizi karibu kila mtu anaiga, na Defy nayo imeteremka hivyohivyo. Kwangu mimi ninayepanda na suruali pana na gauni juu yake hadi magotini, bomba lililoteremka ni neema kubwa. Kuivuka fremu ya Phoenix ya kiume kwa vazi hilo, kila mwanamke wa hapa anajua shughuli yake.

Mwenye duka, mzee mmoja mpole, alinikubalia nizijaribu nje ya mji mradi niache kitambulisho na pesa ya TCR yote mezani. Sawa. Nikafunga kengele yangu mwenyewe kwenye kila moja, nikaenda Pongwe na kurudi, njia ileile, asubuhi. Barabara hiyo ina rasta, zile tuta ndogondogo zinazofuatana, na hapo ndipo baiskeli inapojieleza. Kwenye TCR kengele ililia yenyewe kila safu ya rasta, na nilipofika Pongwe vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vilikuwa na ganzi. Kwenye Defy kengele ilitoa sauti kwenye zile kubwa tu.

Ningekuwa mtu wa kuridhika haraka ningelipia hapohapo. Lakini mwalimu wa hesabu hawezi kulinganisha vitu viwili vinavyotofautiana kwa mambo manne kwa mpigo akadai amejua sababu. TCR ilikuwa imevaa tairi za milimita 23 zilizojazwa upepo mpaka ni jiwe. Defy ilikuwa na za 25. Nikamwomba fundi wa duka azibadilishe.

"Mwalimu, kwa nini unajitesa? Chukua hii nyeupe, inakupendeza," akaniambia.

"Badilisha tu, mwanangu, nitakulipa soda."

Akavalisha TCR tairi za 25, tukazijaza kwa wastani, kama 80 kwenye kipimo cha upepo cha psi, nikarudi barabarani. Nusu ya tofauti ikapotea! Kengele ikanyamaza, ganzi ikapungua. Ningeomba kila mnunuzi alishike hili, maana wauzaji hawalisemi: sehemu kubwa ya kinachoitwa starehe ni upepo na upana wa tairi, na hicho unaweza kukinunua baadaye. Nusu iliyobaki, ya shingo na viganja, haikutoka. Hiyo ni ya fremu, haibadilishwi na fundi yeyote.

Unaweza kuuliza, si unapandisha usukani? Hapo kuna mtego wa mtumba. Juu ya bomba la mbele huwa kuna vipete vyeusi vinavyoinua usukani. Mjapani aliyekuwa na ile TCR alivitoa vyote na kulikata bomba la foku ili akae chini kabisa, na bomba likishakatwa halirefuki tena. Unabaki na njia moja, kukigeuza juu chini kile kishikio kinachouma usukani. Fundi aligeuza, tukapata sentimita moja na kidogo, na sura ya baiskeli ikaharibika. Yeye mwenyewe alicheka.

Kikomo kingine ni upana wa tairi zinazopita. Tulijaribu za 28. Kwenye TCR zilikwaruza breki, fundi akazitoa bila mjadala. Kwenye Defy zilipita na nafasi ikabaki ya kutosha tope jembamba. Msitegemee zaidi ya hapo kwa hizi za breki za ringi, hata kama mwenye duka atawaambia "ya safari". Zile mpya zenye breki za diski ni jambo jingine, nyingi za starehe hupokea tairi za 32 na kuendelea, mpaka 38, lakini bei zake sizitaji, zitanipandisha presha.

Kuhusu uzito, nilizipachika kwenye mizani ya kuning'iniza ya jirani muuza mkaa. TCR kilo 8.6, Defy 9.3. Wapenda mashindano hapa ndipo wanapotoa macho. Chama cha baiskeli cha dunia, UCI, kinakataza baiskeli ya mashindano ya barabarani iliyo chini ya kilo 6.8, kwa hiyo zote mbili ziko mbali na huko, na tofauti yake ni chupa moja ya maji. Nami hiyo chupa naibeba kwa vyovyote.

Gia zilinishughulisha zaidi. TCR ina meno 53 na 39 mbele, na nyuma gia kubwa kuliko zote ina meno 25. Defy ina 50 na 34 mbele, 30 nyuma. Piga hesabu: tairi linazunguka kama mita 2.1 ardhini. Kwenye gia nyepesi kabisa ya TCR, mzunguko mmoja wa pedeli unataka ukusogeze mita 3.3. Kwenye Defy, mita 2.4. Ndani ya Tanga mjini hutajua tofauti, labda siku moja uamue kukimbizana na bajaji. Lakini sisi tuna mpango wa kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto, kilomita thelathini na kitu, kutoka mita 400 hivi juu ya bahari hadi karibu 1,400, kona juu ya kona. Kwa gia za TCR ningeshuka nikakokota, na magoti yangu yangenidai mpaka Desemba. Gia zinabadilishika, ndiyo, ila ukijumlisha gia za mbele, za nyuma na cheni, ile tofauti ya bei imeshakwisha na umeingia deni.

Sasa niisifu TCR, kwa sababu niliipenda na sitaki ionekane mbaya. Ukisimama kwenye pedeli, inaruka. Unageuza usukani kidogo tu, imeshageuka. Bodaboda alinikatia njia mzunguko wa Kange na nilimkwepa kabla sijapata muda wa kuogopa. Na kwenye upepo ina haki yake. Kinachoukamata upepo zaidi ni mwili wako, wala si fremu, na TCR inakulaza chini upende usipende. Wa Tanga tunazijua pepo zetu. Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, ukienda Pangani unapambana nao ukiwa na nguvu, kurudi unasukumwa. Horohoro, kule kaskazini mpakani, ni kinyume: unakwenda unaimba, kurudi kilomita sitini na kitu kusi linakupiga usoni, na maji yameisha. Siku kama hiyo ningeitaka TCR. Kwa Defy nashika sehemu ya chini ya usukani na kukunja viwiko, napata kama robo tatu ya faida hiyo, kisha nikichoka nainuka. Kwenye TCR hakuna kuinuka.

Kwa atakayenunua yoyote kati ya hizi, ajue maisha ya kijiweni. Vali zake ni nyembamba, za Kifaransa, na pampu ya fundi wa chini ya mwarobaini haishiki. Nunua kile kipande kidogo cha shaba cha kuunganishia, ukifunge kabisa kwenye vali moja ukae nacho. Pia usikubali kuambiwa tairi ya inchi 28 ya Phoenix itaingia. Ringi ya baiskeli hizi, inayoitwa 700C, ina kipenyo cha milimita 622 pale tairi linapokaa. Ya Phoenix ile kubwa ni 635. Haiingii hata ukisukuma na goti. Tairi na tyubu za akiba chukua siku hiyohiyo unayonunua baiskeli, kama dukani zipo.

Na kwa sababu tunaishi na chumvi: kabla ya kulipa, mwambie fundi alegeze na alivute bomba la siti litoke lote, alipake grisi, alirudishe. Alumini ndani ya alumini, au kaboni ndani ya alumini, ikikaa na hewa ya bahari bila grisi hung'ang'ania mpaka ukate kwa msumeno. Mimi nilisimama pale mpaka likatoka.

Duka lenyewe? Fundi nampa alama zote. Ana subira, ana funguo za saizi zote, na hakukasirika nilipomrudisha nyuma mara kadhaa. Mwenye duka ni mwungwana ila kwenye maelezo ana chumvi yake. Aliniapia fremu zote mbili ni "kaboni tupu". Nikamwonyesha mishono ya kuchomelea pale mabomba yanapokutana, akasema, "Basi mwalimu, foku ni kaboni," na hiyo ni kweli. Risiti aliandika kwa mkono, dhamana ya mwezi mmoja kwa kazi ya fundi tu, na hakukubali kupunguza bei, alikubali kuongeza tyubu mbili na vile vipande vya shaba. Mfuko wa zana hakuwa nao, itabidi mnunue pengine.

Defy imenigharimu laki sita na nusu na sasa imevaa tairi za 28. Malalamiko yangu ni madogo: haina matundu ya kufungia karia, kwa hiyo daftari za wanafunzi nabeba mgongoni, na rangi yake nyeupe inachafuka kwa vumbi la Pongwe kabla hujafika. TCR bado ilikuwa ukutani Ijumaa nilipopita kukaza spoki, imerudishiwa tairi zake za 23. Mwenye viuno vyepesi aiwahi, ila aanze kwa kumwambia fundi ampe zile za 25.