SGR Dodoma mpaka Dar na washkaji: hivi ndo inatakiwa kuingia mjini

Niseme mapema kabisa, kama mko Dodoma kundi zima na mnataka kushuka Dar kula bata siku mbili tatu, pandeni treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa. Na sisemi hivi kwa sababu ya spidi tu maana spidi kila mtu anaisifia, mi kilichonikaa moyoni ni pale inapokushusha. Basi linakuacha Mbezi Luis, umefika Dar lakini mjini hujafika, mwili umechoka, begi mgongoni, halafu ndo kwanza uanze kupambana na mwendokasi au daladala na foleni ya Kimara. Kwa basi siku ya kwanza ya likizo sisi tulikuwa hatuihesabu kabisa, ilikuwa ni ya kuoga na kulala. Treni inakumwaga katikati ya mji, pale pale jirani na ile stesheni ya zamani, saa zako bado ziko mkononi.

Tulikuwa wanne, wote tumekua pamoja. Tiketi tulikata mtandaoni kwenye mfumo wa TRC, yaani Shirika la Reli, unajaza majina na namba ya kitambulisho, unapewa kontroo namba unalipa kwa simu, basi. Nauli ya daraja la kawaida ilipoanza safari za Dodoma mwaka 2024 ilikuwa shilingi 31,000 kwa treni ya kawaida, mchongoko uko juu kidogo, ila kwa masaa unayookoa mi naona ni halali yake. Sisi tulichukua mchongoko wa asubuhi. Kwa wasiojua, mchongoko ndo ile yenye pua kali mbele, wanaiita EMU, haina kichwa cha kuivuta bali mota ziko kwenye mabehewa yenyewe, imetengenezwa na Hyundai Rotem wa Korea Kusini, inatembea kwa umeme na inafika mpaka kilomita 160 kwa saa. Stesheni ya Dodoma iko Mkonze sio mjini kati, kwa hiyo tafuteni bajaji mapema na mfike na muda wa kutosha kwa sababu mizigo inakaguliwa kama uwanja wa ndege na vitambulisho vinaangaliwa.

Ndani sasa. AC inapuliza, viti visafi, sehemu ya kuchajia simu ipo, na utulivu yaani mnaongea sauti ya kawaida tu mnasikilizana. Mwanzoni nje ni ile Dodoma yetu, kavu, mibuyu, ng'ombe, halafu ukikaribia Kilosa milima inakubana huku na huku, treni inazama kwenye handaki giza tupu, inatoka, kidogo tu inazama tena, watoto wa siti ya mbele walikuwa wanashangilia kila giza likiingia na sisi watu wazima tukajikuta tunashangilia nao. Ukifika Morogoro, milima ya Uluguru hiyo hapo imevaa mawingu. Baada ya hapo kijani mpaka Pugu.

Lakini kuingia Dar!! Hapo ndo naomba mkae dirishani. Treni inapunguza mwendo, inapanda juu ya daraja refu, mji wote uko chini yenu, mabati ya Ilala yamebanana, nguo zimeanikwa, fundi kaegesha pikipiki anaifungua, bajaji zinapenyeza, halafu maghorofa ya Posta na Kariakoo yanaanza kusogea kidogo kidogo. Mwenzetu mmoja kwao Kondoa, Dar alikuwa hajawahi kufika, alisimama kabisa kashika siti ya mbele hasemi kitu, ukimsemesha anakupungia mkono umuache. Nilifurahi sana kwa ajili yake. Miaka yote nilikuwa natamani mtu akifika jiji hili mara ya kwanza alione likiwa limenyanyua uso, sio alikute kwenye foleni amelala mdomo wazi.

Ukishuka jengo lenyewe ni la kisasa, ngazi za umeme, vyoo visafi, mabango yanaeleweka. Joto la Dar linakupokea mlangoni hapo hapo, shati linaganda mgongoni hata hujatembea hatua kumi. Nje kuna dereva mmoja wa teksi alitutajia 30,000 mpaka Kivukoni!! Msikubali kabisa, mkiwa na begi za mgongoni huo ni mwendo wa miguu, mnafuata barabara ya Sokoine bahari iko kulia kwenu, au kama mnaona uvivu washeni app ya teksi muone bei kwanza ndo mpande.

Sisi tulitembea. Tukapitia soko la samaki Feri, mama mmoja akatukaangia changu wawili wakubwa na ndimu na pilipili, kaweka kwenye sinia moja tukala kwa mikono, bado wa moto. Kisha pantoni, shilingi 200 kila mtu, tukafika Kigamboni. Yule wa Kondoa akavua viatu akaingia majini na suruali yake. Asubuhi tulikuwa Mkonze, mchana tuko baharini tumeshiba, nyie niambieni basi gani litakufanyia hivyo.

Ushauri wangu kwa mnaopanga, ijumaa na jumapili siti zinaisha haraka sana, kateni mapema na kateni ya kwenda na kurudi kwa pamoja ili msije mkakwama. Chakula kwenye treni kipo cha kuuziwa. Na mkiwa wanne au zaidi kateni kwa pamoja muda mmoja, mkikata kila mtu kivyake mtatawanywa mabehewa tofauti na stori zote zinaishia kwenye WhatsApp. Nyota tano nawapa bila kusita, disemba tunarudi tena na safari hii tunaongeza wengine wawili.